Unasali wapi? Mwongozo kamili wa kupata kanisa la kudumu Dar es Salaam

Anayeingia Dar es Salaam akitokea Moshi, Bukoba, Songea au Mbeya hapati shida ya kupata ibada ya Jumapili yake ya kwanza. Makanisa yapo kuanzia Mbagala hadi Bunju, na mengi utayasikia kabla hujayaona. Shida huanza mwezi wa tatu au wa nne, anapogundua kuwa amesali mahali pale wiki baada ya wiki na hakuna anayemjua jina. Akiumwa, hakuna anayejua. Akifiwa, anaanza kutafuta padre au mchungaji wakati turubai la msiba limeshafungwa.

Msimamo wetu tunautaja mapema ili usome yanayofuata ukiujua: katika jiji hili kanisa la mtu ni jumuiya yake. Kwaya, mahubiri na jengo utaviona Jumapili. Lakini watakaokufuata ukilazwa Amana au Mwananyamala, watakaokaa nawe msibani, na watakaoandika barua mtoto wako akitakiwa kubatizwa, ni watu wachache wanaokutana sebuleni kwa mtu mtaani kwenu. Ukichagua kanisa bila kuwaona hao, umechagua nusu tu.

Makaratasi kwanza

Kama bado hujahama ulipo, chukua karatasi zako sasa. Miaka miwili baadaye mchungaji atakuwa amehamishwa, mwenyekiti wa jumuiya amebadilika, na utabaki kubishana kwa simu na mtu asiyekukumbuka.

Mkatoliki achukue nakala ya cheti cha ubatizo, cha kipaimara, na cha ndoa kama ameoa au ameolewa. Cheti cha ubatizo kikipotea, hakitolewi na parokia unayosali sasa; kinatolewa na parokia ulikobatizwa, kwa kuwa kitabu cha ubatizo kiko huko. Waandikie ukitaja majina yako kamili kama yalivyoandikwa siku ile, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa ubatizo hata kwa kukadiria, majina ya wazazi na ya msimamizi. Kitabu hicho hicho ndicho kinachoandikwa kipaimara na ndoa yako. Ndiyo maana wanaojiandaa kufunga ndoa huambiwa walete cheti kipya, kwa kawaida kisichozidi miezi 6, hata kama wanacho cha zamani kilichotunzwa vizuri. Wengi hudhani wanasumbuliwa. Ofisi inataka tu kuona kama kuna ndoa nyingine iliyokwisha kuandikwa.

Kwa Mlutheri, Mmoravian na Mwanglikana, karatasi muhimu ni barua ya utambulisho kutoka usharika au mtaa unaoondoka: kwamba umebatizwa, umepata kipaimara, na hukuwa chini ya nidhamu ya kanisa. Kwa makanisa ya Kipentekoste, barua ya mchungaji inatosha, na wapo wasioitaka kabisa.

Waadventista Wasabato wana utaratibu wao ulio makini kuliko wote. Hubebi barua mkononi. Unamwambia karani wa kanisa unalohamia, naye ndiye anayeomba uhamisho kwa karani wa kanisa ulilotoka. Jina lako husomwa mbele ya washiriki mara mbili, kwa kawaida kwa tofauti ya wiki moja, kisha hupigiwa kura. Uhamisho huo unaweza kuchukua wiki kadhaa, na muda wote huo bado wewe ni mshiriki wa kanisa la zamani.

Chora mduara

Andika makanisa yote ya dhehebu lako yaliyo ndani ya nusu saa kwa miguu, au gari moja tu la daladala, kutoka unapolala. Gari moja, siyo mawili. Wengi hupuuza hatua hii kwa sababu Jumapili asubuhi barabara ni nyeupe, na safari ya Kinyerezi hadi Mbezi Beach inaonekana fupi. Jumuiya haikutani Jumapili asubuhi. Hukutana Jumamosi alfajiri au jioni ya siku ya kazi, na jioni hiyo foleni ya Ubungo au Mwenge itakuwa palepale. Mazoezi ya kwaya nayo ni jioni. Mafundisho ya kipaimara ya mtoto mara nyingi ni Jumamosi. Kanisa la mbali utalifikia mara moja kwa wiki, na mara moja kwa wiki haitoshi watu kukujua.

Piga na hesabu ya nauli: idadi ya watu nyumbani, mara mbili kwa kwenda na kurudi, mara 4 kwa mwezi, kisha ongeza siku moja ya katikati ya wiki. Kama jumla inakutisha, usijidanganye kwamba utazoea. Fikiria pia masika, Machi hadi Mei: ukikaa upande ambao maji ya Jangwani yakijaa hupiti, utakosa ibada nyingi.

Makanisa makuu ya katikati ya jiji huvuta watu, na si ajabu. Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, kwenye barabara ya Sokoine, na Azania Front la KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), upande wa Kivukoni, yote yamesimama tangu enzi za Wajerumani, na mtu wa Kimara anaweza kupanda mwendokasi hadi Kivukoni akatembea kidogo tu. Nenda ukasali huko unapotaka. Lakini anayeishi Kimara atapata jumuiya Kimara.

Ukitaka ibada ya Kiingereza, kwa mfano kwa mwenza asiyejua Kiswahili, Azania Front, Mtakatifu Petro Oysterbay la Wakatoliki na Mtakatifu Albano la Waanglikana lililoko katikati ya jiji ni mahali pa kuanzia kuuliza saa.

Jinsi kila dhehebu linavyokupokea

Katoliki. Parokia ni eneo. Unapoishi ndipo panapoamua parokia yako, hata kama unapenda mahubiri ya padre wa parokia nyingine. Misa unaweza kusali popote, ila ubatizo wa mtoto, ndoa na mazishi vitakurudisha kwenu. Ngazi zinapanda hivi: jumuiya ndogo ndogo, kanda, kigango, parokia, dekania, jimbo kuu. Ukienda ofisini kwa jambo lolote zito, swali la kwanza litakuwa, "Uko jumuiya gani?" Ukikosa jibu unarudishwa mtaani ukaanze huko, na barua ya mwenyekiti wa jumuiya ndiyo itakayokufungulia mlango.

Wageni wengi huliona hili kama urasimu. Parokia moja ya jiji inaweza kuwa na maelfu ya waumini na mapadre wawili au watatu. Padre hawezi kukufahamu kwa kukuona kwenye komunyo. Mwenyekiti wa jumuiya anakufahamu, anajua kama mna amani nyumbani, anajua mtoto unayemleta ni wa nani. Ukiuelewa mpango huu utaacha kukasirika na ofisi na utaanza na mwenyekiti.

Kumpata ni rahisi: baada ya Misa muulize katekista, au mama yeyote aliyevaa sare ya WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, "Jumuiya ya mtaa wangu ni ipi, na inakutana kwa nani wiki hii?" Taja alama ya karibu na kwako, duka la dawa, shule, kituo cha daladala, kwa sababu mipaka ya jumuiya hufuata vichochoro na mara nyingi si ile ya serikali ya mtaa. Ofisi ya parokia nayo ina orodha, ila usiende Jumatatu. Nyingi hufungwa siku hiyo. Zaidi ya jumuiya kuna vyama: UWAKA kwa wanaume, VIWAWA kwa vijana, Utoto Mtakatifu kwa watoto, Lejio ya Maria, Karismatiki. Ingia kimoja tu mwaka wa kwanza.

KKKT. Dar es Salaam iko chini ya Dayosisi ya Mashariki na Pwani. Usharika una mitaa, na ndani yake kuna jumuiya za nyumba kwa nyumba. Hapa una uhuru zaidi wa kuchagua usharika, na uhuru huo una maana kwa sababu sharika za jiji zimetofautiana sana. Ziko zilizobaki na kinanda, kitabu cha nyimbo na liturujia kamili; ziko zenye bendi, ibada za maombezi katikati ya wiki na sifa ndefu zinazokaribia za Kipentekoste. Aliyelelewa kwenye moja anaweza kujisikia mgeni kabisa kwenye nyingine, ingawa bango la nje ni lilelile. Usikate tamaa na dhehebu kwa sababu ya usharika mmoja.

Anglikana. Tofauti ya namna hiyo ipo hapa pia, na chanzo chake ni historia. Pwani ilihubiriwa na wamisionari wa UMCA, shirika la Waanglikana wa Uingereza, waliopenda uvumba, mavazi na Misa ya kuimba. Dodoma na Morogoro zilihubiriwa na CMS, shirika jingine la Waanglikana, wenye ibada nyepesi na mkazo kwenye mahubiri. Mtu wa Dodoma akiingia kanisa la Dar es Salaam lenye urithi wa UMCA anaweza kudhani amekosea njia akaingia kwa Wakatoliki. Kanisa ni lilelile. Tembelea la pili na la tatu kabla ya kuamua.

Moravian wengi wa jiji wana mizizi Mbeya, Rungwe na Tabora, na AIC (Africa Inland Church) wana mizizi Kanda ya Ziwa. Ukitokea huko utasikia lafudhi ya nyumbani siku ya kwanza, na kwa mtu mpweke hilo lina uzito wake.

Kwa TAG, EAGT, FPCT na Wapentekoste wengine, kinacholingana na jumuiya huitwa seli, zoni au kanisa la nyumbani. Uliza linakutana lini. Kanisa lenye watu mia kadhaa lisilo na kitu cha namna hiyo litakuwa na ibada nzuri na upweke mwingi.

Jumapili tatu mahali pamoja

Makosa ya kawaida ni kutembelea makanisa sita kwa wiki sita. Mwisho wake unakumbuka kwaya tu. Afadhali uchague mawili na kila moja ulipatie Jumapili tatu mfululizo, kwa sababu moja lazima itakuwa na jambo la pekee: kipaimara, mavuno, harambee ya ujenzi, Meza ya Bwana. Kanisa huonekana lilivyo kwenye Jumapili ya kawaida.

Jumapili ya kwanza nenda ibada ya kwanza, inayoanza kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi sehemu nyingi. Ni fupi, na ina wafanyakazi wengi na watu wazima. Ya pili nenda ibada ya kati, yenye watoto na kwaya zote. Tenga muda: Misa saa moja na nusu hadi mbili, KKKT saa mbili na zaidi, Wapentekoste wengi saa tatu au nne. Wiki ya tatu nenda jumuiya kabla ya Jumapili. Usisubiri kualikwa, fika tu na Biblia yako.

Keti katikati. Anayekaa mlangoni huondoka bila kusalimiwa na mtu. Kwa Wakatoliki salamu ni "Tumsifu Yesu Kristu", nawe unajibu "Milele, amina". Kwa Walutheri na Wapentekoste ni "Bwana Yesu asifiwe", jibu "Amina". Huko kwa Walutheri na Wapentekoste wageni mara nyingi huombwa wasimame. Andaa sentensi mbili: "Bwana Yesu asifiwe. Naitwa Neema, natokea Usharika wa Bukoba Mjini, nimehamia Tabata na nimekuja kusali nanyi." Taja mtaa unaoishi, pengine mtu wa mtaa huo yumo ndani, na ndiye atakayekufuata nje.

Wakati wa komunyo kwa Wakatoliki, asiye Mkatoliki anabaki kwenye benchi, na hakuna atakayemshangaa. Kwingineko uliza mapema kama mgeni aliyebatizwa anakaribishwa mezani.

Ibada ikiisha, usikimbilie daladala. Kwenye sharika nyingi za KKKT, nje hufanyika mnada wa matoleo: kuku, mayai, mkungu wa ndizi, maboga. Mgeni huona ni muda wa kuondoka, kumbe hapo ndipo watu wanapoongea na kutaniana. Nunua hata mayai. Utaondoka na majina matatu.

Kuna mambo ya kutazama kwa makini zaidi ya mahubiri. Matangazo: wagonjwa na wafiwa wanatajwa kwa majina, au ni michango tu mwanzo hadi mwisho? Vijana: wapo ndani au wamesimama nje na simu? Watoto: Shule ya Jumapili ina walimu wangapi, wanakaa chumba gani, na nani anaruhusiwa kumchukua mtoto? Mwalimu mmoja na watoto 60 chini ya mwembe si dharau kwa kanisa, pengine wanakuhitaji wewe, lakini mtoto wa miaka 3 usimwache hapo bila mkubwa wake. Kama mna mzee au mtu mwenye ulemavu, hesabu ngazi za mlangoni na uulize choo kiko wapi.

Fedha, bila aibu

Watu wanaacha kusali kwa sababu ya fedha zaidi ya wanavyokiri. Hawakugombana na mtu. Walikosa mchango miezi mitatu, wakaona aibu, wakaacha jumuiya, kisha wakaacha Jumapili.

Uliza mwanzoni kabisa: kuna nini zaidi ya sadaka ya Jumapili? Kwa Wakatoliki kuna zaka, mavuno, mchango wa jumuiya, na ujenzi kama upo. Kwa KKKT utapewa bahasha zenye namba na utatoa ahadi ya mwaka. Kwa Wasabato na Wapentekoste fungu la kumi husisitizwa waziwazi. Panga kiasi unachokiweza hata mwezi mbaya, ukiandike hicho. Ahadi ndogo inayotimizwa inakuacha na uso wa kuingia ibadani. Mambo yakiharibika, mwambie mwenyekiti au mzee wa kanisa kabla deni halijakaa: "Mwezi huu sina, niombeeni." Jumuiya nzuri itaacha kukudai na pengine itakuletea unga.

Angalia kama hesabu zinasomwa. Kutangaza matoleo ya Jumapili iliyopita ni desturi ya kawaida na njema. Mahali ambapo fedha zinaingia na hakuna anayejua zinatoka vipi, usitie saini yoyote wala usichukue mkopo kwa ajili ya ahadi.

Ukiona haya, ondoka

Ondoka mara moja ukiambiwa uache dawa za hospitali, iwe ARV, insulini, dawa za presha au za kifafa, ili kuonyesha imani. Maombi na dawa vinakaa pamoja. Anayekutenganisha na dawa anahatarisha uhai wako.

Ondoka pia pale ambapo kuombewa kuna bei, au mafuta na maji vinauzwa kwa ahadi ya kazi, ndoa au mtoto. Pale unapoambiwa mama yako au dada yako ndiye mchawi wako. Pale mtumishi anapotaka kukushauri peke yako usiku. Na pale kuuliza swali kunapoitwa uasi. Kama kanisa ni jipya na hulifahamu, una haki ya kuuliza usajili wake. Makanisa husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Uliza pia kama limo ndani ya CCT (Jumuiya ya Kikristo Tanzania) au CPCT (baraza la makanisa ya Kipentekoste), ingawa kutokuwemo peke yake si kosa: Wakatoliki wana TEC, baraza la maaskofu wao, na Wasabato hawamo CCT.

Usichanganye hatari na kero. Spika kubwa mno, mahubiri marefu, kwaya inayochelewa, mzee mkali mlangoni: hizo ni kero, na kila kanisa lina zake.

Ukitaka kubadili dhehebu, au nyumba ina madhehebu mawili

Omba kuonana na padre au mchungaji siku ya kazi, na uliza mambo matatu: ubatizo wangu mnautambua? Nitahitaji mafundisho ya muda gani? Ndoa yangu mnaionaje? Kanisa Katoliki linatambua ubatizo wa Walutheri, Waanglikana na Wamoravian, kwa hiyo anayehamia hapo habatizwi tena. Anafundishwa kisha anapokelewa. Wapentekoste na Wasabato watataka ubatizo wa kuzamishwa majini. Lijue hili kabla, maana wapo wanaolia siku hiyo kwa kuona ubatizo wa utotoni umekataliwa.

Kwa wachumba, Mkatoliki anayefunga ndoa na Mkristo wa dhehebu lingine anahitaji kibali cha askofu, kinachoombwa kupitia paroko, na ataahidi kufanya awezalo watoto wabatizwe Katoliki. Mwenzake lazima alisikie hilo mapema, wakiwa wote wawili, na asilisikie wiki ya harusi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa itolewe angalau siku 21 kabla. Makanisa yenyewe huhitaji muda mrefu zaidi kwa mafundisho na matangazo, kwa hiyo fikeni ofisini miezi kadhaa kabla ya kulipia ukumbi.

Na wazazi mkoani waambie wewe mwenyewe, kwa mdomo, kabla hawajasikia kwa shangazi.

Ukishaamua

Jiandikishe ndani ya mwezi mmoja: jumuiya kwanza, kisha ofisini na karatasi zako. Kubali jumuiya ikutane kwako mapema, hata kama ni chumba kimoja cha kupanga; mkeka na maji ya kunywa vinatosha, na wakishafika kwako mara moja hakuna tena anayeuliza wewe ni nani. Chagua kazi ndogo: kufagia Jumamosi, kusoma somo, kushika watoto. Ukiombwa uongozi miezi mitatu baada ya kufika, kataa kwa heshima. Jumuiya changa huwapa wageni wasomi uhazini au ukatibu haraka, na wengi huchoka kabla hawajapata hata rafiki mmoja.

Jipe miezi sita. Ikifika na bado hakuna anayekutafuta usipoonekana, badilisha jumuiya au ibada kabla ya kubadilisha kanisa. Kuhama kutoka ibada ya kwanza kwenda ya pili kumewasaidia wengi. Isiposaidia, nenda kwenye jina la pili katika orodha yako, bila kuwasema vibaya ulikotoka.

Na mwenye nyumba akipandisha kodi ukalazimika kutoka Tabata kwenda Chanika, usiondoke kimya. Waage jumuiya, maliza deni la mchango kama lipo, chukua barua ya mwenyekiti ikiwa na tarehe, na muulize kama anamfahamu mtu yeyote anayesali Chanika. Mara nyingi anamfahamu. Chukua namba yake kabla ya kupakia vyombo.